Kiu ya Mzee Pandele

Mgonjwa wa kwanza asubuhi ile, mama mmoja, alionyeshwa picha ya paka, akasema, "Maji." Smaranda, aliyekuwa katika mwezi wa mwisho wa mafunzo ya tiba ya usemi, akafunua picha ya nyumba. "Maji," akasema tena mama yule, safari hii kwa sauti nzito ya kiume.

Smaranda aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya mzee Pandele, dereva wa trekta aliyeumia ubongo. Wiki sita alimfundisha neno hilo moja, na kwamba maneno yakikwama aonyeshe kwa kidole. Siku alipolitamka, Smaranda kwa furaha akampa bilauri ya maji matupu, na koo la mzee lilikuwa bado haliwezi kumeza ila maji yaliyotiwa unga maalumu wa kuyafanya mazito. Akapaliwa. Siku ya nne nimonia ikamuua. Smaranda aliandika daftarini kwamba hakumpa kitu, na lawama ikamwangukia nesi Viorica aliyekuwa zamuni, akafukuzwa kazi. Aibu ilimtafuna, lakini alikitaka cheti.

Wagonjwa wote siku ile walisema maji, kwa sauti ile ile, na chumba kikanuka matope ya kisima.

"Ana kiu mzee Pandele," alinong'ona mama Saveta, mfagiaji. "Mpelekee mjane wake ndoo ya maji kila siku kwa siku arobaini, kama tunavyowafanyia wafu wetu. Lakini umwambie ukweli kwanza, mwanangu. Bila hivyo hatayanywa."

Maji aliyapeleka, ukweli akaubakiza. Sauti zikakoma hospitalini, cheti kikatiwa saini, na mjane, bibi Lucreția, akawa anambusu kila alipokuja, jambo lililomuumiza kuliko tusi.

Siku ya arobaini bibi alimkalisha jikoni. "Wewe ulikuwepo. Yule Viorica alimpa nini mume wangu?"

Smaranda alitaka kusema hajui, akafungua kinywa, na harufu ya matope ikampanda kutoka kooni kwake mwenyewe, akatafuta neno, lolote, hata jina lake, akalikosa, mpaka likatoka moja tu, zito, la kiume.

"Maji."

Kikombe kikamponyoka bibi. "Pandele?" alinong'ona. "Nani alikupa?"

Mkono wa Smaranda ukainuka wenyewe, taratibu, kama yeye alivyomfundisha mzee, kidole kikagusa kifua chake mwenyewe.