Kiatu cha Kushoto

Jumatano hiyo mvua ilinyesha kama inavyonyesha huku milimani kwetu, wala hakuna aliyeishangaa. Heulwen alikuwa anapaka chokaa ngazi za kwenda juu. Mdogo wake Idwal, fundi mwashi, alikuwa anabomoa meko ili jiko jipya la kuni lipate nafasi. Lowri, binti wa Heulwen mwenye miaka mitano, alikuwa mlangoni akiwapikia wote wawili uji wa matope.

Nyumba ilikuwa ya bibi yao. Tangu azikwe, paa lilikuwa limeota nyasi na kondoo walilala sebuleni. Sasa Heulwen, aliyekuwa akiishi mjini, alitaka kuipangisha kwa wageni wa likizo, wale wanaotoka mjini kuja kutazama milima na kulalamikia mvua. Wa kwanza wangefika Jumamosi.

Idwal alichomoa jiwe la dohani, ile njia ya moshi, akatia mkono, akatoa kiatu. Kilikuwa cha mtoto, cha ngozi, cha mguu wa kushoto, kimekauka kama ng'onda.

Hakuna aliyeuliza kilifikaje humo. Mafundi wa zamani walificha ndani ya dohani kiatu kilichokwisha kuvaliwa. Kiovu kinachoshuka na moshi kutafuta mtu kikikuta kiatu chenye harufu ya mtu huingia humo, na kikishaingia hakijui kurudi nyuma. Bibi aliwasimulia hayo tangu wakiwa wadogo, na alisisitiza jambo moja tu: kiatu hakihamishwi.

"Nipe nikirudishe, dada," Idwal alisema. "Mimi hata kuoa bado."

Heulwen alicheka. Alimwambia kuwa wageni hupenda vitu vya namna hiyo, watakipiga picha na kuwaonyesha wenzao. Akakifuta, akakipaka mafuta, akakiweka kwenye ukingo wa dirisha. Moyoni alijua anafanya lisilofanywa. Lakini nyumba ile ilikuwa imemtoa jasho miezi mingi, na aliyechoka hujidanganya upesi. Idwal akaziba tundu tupu, akapiga plasta juu yake.

Alhamisi asubuhi, ncha ya kiatu ilielekea meko. Baada ya chai, ilielekea ngazi. Heulwen akamgombeza Lowri kwa kuchezea kisicho chake.

"Si mimi, Mama," mtoto alisema bila kulia. "Ni yule anayetafuta cha pili."

Heulwen alimpeleka juu alale kidogo, akashuka kupanga vikombe vya wageni. Akavipanga, akavipangua, akavipanga tena. Kisha akainua macho akaona ngazi alizozipaka chokaa jana.

Kulikuwa na nyayo za masizi. Ndogo. Za kushoto tupu, moja kwa kila daraja, za mtu anayeruka kwa mguu mmoja. Zilipanda. Hazikushuka.

Alizifuata hadi juu. Ziliishia kando ya kitanda cha Lowri. Mtoto alikuwa amelala, anapumua vizuri. Chini ya kitanda palikuwa na kiatu chake chekundu cha kushoto. Cha kulia hakikuwapo.

Heulwen alimbeba mtoto, akashuka naye, akachukua kile kiatu cha dirishani.

"Bomoa," alimnong'oneza Idwal.

"Nibomoe nini?"

"Pale ulipoziba."

Plasta ilikuwa nzima, bila ufa hata mmoja. Idwal aliigonga mpaka ikaachia. Akatia mkono. Uso ukambadilika. Akavuta kidogo, na ncha nyekundu ikachungulia gizani.

"Kina joto," alisema.

"Usikitoe."

"Dada, ni cha Lowri."

"Najua ni cha nani. Yule anayetafuta ameshaingia humo. Ukikitoa, atamfuata nani?"

Idwal aliachia. Heulwen, kwa mkono wake mwenyewe, alikisukuma cha zamani ndani, kushoto kando ya kulia, jozi kamili. Wakaziba. Begani kwake, Lowri alicheka usingizini.

Wageni walikuja, wakaipenda nyumba, wakasema hawajawahi kulala vizuri namna ile. Tangu hapo haikosi mtu. Heulwen alirudi mjini, ghorofa ya tatu, katika nyumba isiyo na meko wala dohani.

Lowri hajambo. Anakula, anaimba, anakwenda shule. Ila kila jioni mama yake humvua soksi mwenyewe, na hamruhusu mtu mwingine kufanya hivyo. Ya kushoto huwa nyeupe. Ya kulia huwa nyeusi kwa masizi mpaka kifundoni, na Heulwen huifua kwa mkono kabla Idwal hajaja kula.