Swichi ya Chumba cha Mtoto

"Russell, mbona swichi hii hujaishusha?"

Corinne alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mtoto, mkono juu, vidole vikipapasa ukuta bila kuifikia. Nyumba nzima, hapo Fort Wayne, Indiana, ilikuwa imeshushwa: sinki, makabati, hadi kitasa cha mlango wa nyuma. Mke na mume wote ni watu wafupi wa kuzaliwa, wale ambao watoto huwanyooshea vidole dukani, na Russell ndiye fundi aliyeshusha kila kitu kwa mikono yake. Chumba hiki alikimaliza jana.

"Nitaishusha wiki ijayo."

"Umepaka rangi mpaka ukaizunguka. Fundi gani anapaka rangi mahali atakapobomoa?"

"Mtoto atakua, ataifikia tu."

Maneno yalishamtoka. Corinne aligeuka taratibu, mkono mmoja juu ya mimba yake ya miezi mitano.

"Umejuaje ataifikia?"

Russell akajifanya anatafuta bisibisi. Sanduku la vifaa lilikuwa wazi mbele yake na bisibisi iko juu kabisa.

Wawili hawa walikutana kwenye mkutano wa mwaka wa watu wafupi, hotelini, wiki moja ambayo ukiongea na mtu unamtazama usoni, si kwenye mkanda wa suruali. Walipotaka mtoto, daktari aliwaeleza bila kuficha: mtoto akirithi ufupi kwa baba na kwa mama kwa pamoja, haishi. Akirithi kwa mmoja, anakuwa kama wao. Asiporithi kabisa, anakuwa mrefu. Wakaamua mimba itungwe maabara, kisha kiondolewe tu kiinitete, yaani ile mimba changa kabisa, kisichoweza kuishi. Katika vilivyobaki daktari achague chenye nguvu, wao wasiambiwe ni cha namna gani.

"Russell, niangalie. Umejuaje?"

"Ile karatasi ya pili ya kliniki..."

"Uliniambia ni nakala!"

"Haikuwa nakala."

"Ilikuwa nini?"

"Niliomba wapandikize mrefu. Wakataka sahihi zetu wote wawili."

Corinne akakaa sakafuni. Alikumbuka alivyoweka sahihi huku akicheka, kwa sababu mume wake alikuwa anamsimulia kichekesho.

"Kwa nini?"

"Nimepasuliwa mara kumi na moja, Corinne. Mgongo, magoti, mgongo tena. Nikiwa na miaka tisa nilimsikia mama yangu analia chooni amefungulia maji ili nisisikie. Sikutaka mwanangu apite huko. Hilo nalo ni kosa?"

"Kuogopa si kosa. Na mimi ningempenda huyu hata angekuwa mrefu kama nguzo ya umeme, ni wangu. Lakini ulipewa orodha ya watoto ukamfuta aliye kama mimi, halafu ukaniwekesha sahihi!"

"Sikukufuta wewe. Nilifuta maumivu."

"Mama yako angepewa hiyo karatasi, wewe ungekuwepo?"

"Nisingekuwepo."

"Na ungeona sawa?"

Russell angedanganya, yangeisha. Lakini alikuwa amechoka kudanganya.

"Kuna siku ningeshukuru."

"Hata baada ya kunioa?"

"Hata baada ya kukuoa."

Corinne hakupiga kelele. Aliondoka mchana ule ule kwenda kwa dada yake, South Bend, akaendesha gari huku akilia njia nzima. Kilichomuuma zaidi ya ile sahihi ni kwamba miaka sita amelala na mtu huyu akidhani wana furaha wote.

Siku ya tatu ujumbe ukaingia.

"Rudi nyumbani mke wangu. Nimeishusha swichi."

Akajibu: "Irudishe juu. Mtoto wako ni mrefu."

Wiki iliyofuata akapiga simu kliniki.

"Viinitete vyangu vilikuwa vinne. Vingine viko wapi?"

"Kile kisichoweza kuishi hatukukihifadhi," alisema nesi. "Kimoja unacho tumboni, na viwili tumevigandisha hapa kwenye baridi."

"Hivyo viwili ni vya namna gani?"

Nesi alifungua faili. "Ni kama ninyi wenyewe, mama. Na vina afya nzuri."

Corinne alikata simu akalia kwa sauti, dada yake akidhani mimba imetoka.

Walikutana kwenye chumba kidogo cha kliniki, Jumatatu asubuhi. Russell aliingia na mkongojo, mgongo umemkaba tena, na Corinne akajikuta ameinuka kumsogezea kiti. Alikuwa bado anampenda. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

"Huyu tumboni tutamlea pamoja," alisema. "Utamwona kila wiki, na sitamwambia kitu kibaya juu yako."

"Na wewe?"

"Mimi sirudi, Russell."

"Nimekosa, nakubali. Nitakuomba msamaha mpaka nife."

"Nimekusamehe. Lakini kila nikikuangalia nitajiuliza kama leo ni moja ya zile siku zako za kutamani usingekuwepo. Siwezi kuishi hivyo." Akamsukumia karatasi. "Hii inasema vile viwili ni vyangu peke yangu. Vikikubali, nitavizaa."

"Utawaleta duniani waje wapasuliwe?"

"Nitawaleta kama mama yako alivyokuleta. Nami nikakupata."

Russell akashika uso kwa viganja. Alilia kama mtu mzima asiyezoea, mabega yakipanda na kushuka. Corinne alitaka kumshika, akajizuia kwa kung'ang'ania ukingo wa meza.

"Wakikuuliza baba yao ni nani?"

"Nitawaambia ni Russell, fundi, mtu mwenye mikono mizuri."

"Na wakiuliza kwa nini sikuwataka?"

Corinne akampa kalamu.

"Hilo watakuja kukuuliza wewe."

Russell akaweka sahihi. Ilimchukua muda mrefu kuandika jina lake.