Nilimwombea Msamaha kwa Kosa Langu Mwenyewe

Nina miaka sabini na miwili, na ni mzee wa kanisa hapa Bahati. Mungu amenipa afya na ng'ombe wawili wanaonijua kwa sauti. Namshukuru. Lakini siku hizi nyimbo zikianza kanisani, nafungua mdomo tu bila sauti... Acheni niwaeleze kwa nini, ingawa uso unaniwaka.

Nilikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha wafugaji. Meneja wa ofisi alikuwa Nyambura, mke wa marehemu mwanangu. Alisomea kompyuta, na tangu mwanangu afariki, kazi ile ndiyo iliyomfanya atembee kichwa juu. Aliniita Baba, wala si kwa mdomo tu.

Tangi letu la kupozea maziwa lilikuwa na kipimo cha joto. Maziwa yakianza kupata joto, kompyuta ya ofisini ilipeleka habari kwenye seva, ile kompyuta kuu ya kampuni iliyotuuzia tangi, na simu ya Nyambura ikalia mara moja. Kompyuta hiyo ilikuwa na programu ya ulinzi, na ndani yake ile sehemu wanayoiita fayawoli. Ni kama askari wa getini. Humruhusu apite yule tu aliyeandikwa. Nyambura alikuwa ameiandika seva ile kwa jina la seva yenyewe, si kwa namba.

Sasa sikieni nilivyojiharibia...

Mgeni mmoja alikuja kanisani kutufundisha wazee kuhusu matapeli wa mtandao. Akasema huiga majina ya watu na ya makampuni. Nilitoka pale na hofu. Majina! Si ndiyo aliyoandika Nyambura? Mimi nilikuwa karani wa reli, nikafanya kazi na namba za mabehewa maisha yangu yote, na namba haikuwahi kunidanganya.

Nyambura alipoenda kwao Njoro kumuuguza mama yake, niliingia ofisini. Mimi nami, kama mwenyekiti, nilikuwa na neno la siri la kompyuta. Nikafuta jina la seva, nikaweka mahali pake namba ya seva iliyokuwa ikionekana kwenye kioo siku hiyo. Nikajaribu. Ikafanya kazi! Nikapiga magoti palepale sakafuni kushukuru.

Je, nilimwambia aliporudi? Sikumwambia. Nilijiona nimemlinda.

Sikujua kwamba seva huhama kama mpangaji. Jina lake hubaki lilelile, lakini namba ni ya nyumba anayokaa. Kampuni ikaihamisha seva yake, na namba ikabadilika. Lile jina lingalikuwapo, fayawoli ingaliifuata huko ilikokwenda. Mimi nilikuwa nimelifuta!

Mashine ya kupoza iliharibika Jumapili, sisi tuko kanisani. Habari zikazuiwa getini. Simu ya Nyambura haikulia. Jumatatu, dereva wa lori la maziwa alifunua tangi akarudi nyuma ameshika pua.

"Mzee, ungesema yameganda yakawa mala," akaniambia, "lakini hata mala ina heshima."

Maziwa ya kijiji kizima yalimwagwa mtaroni. Akina mama walisimama wakitazama, leso mdomoni. Mbwa waliyanusa wakaondoka.

Fundi alikuja, akaangalia fayawoli, akatuambia mimi na Nyambura kwamba kuna mtu aliyeweka namba badala ya jina. Nyambura alinitazama. Wenye neno la siri tulikuwa wawili tu... Mimi nikatazama viatu vyangu.

Siku ya mkutano, wanachama walifoka. "Alikuwa anachati huyo!" alipaza sauti mama mmoja. "Mathe, mwache msichana ajitetee!" mwingine akamjibu.

Nyambura akasimama. "Kompyuta iliguswa. Si mimi niliyeigusa."

"Basi ni nani? Malaika?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakunitaja. Kwetu, mke wa mwana hamwaibishi baba mkwe mbele za watu. Akanigeuzia uso, akangoja. Wasomaji, mtoto yule alinipa nafasi! Ningesema neno moja tu...

Niliinuka. Niliwaona wazee wenzangu wa kanisa wamekaa mstari wa mbele, nikaogopa macho yao kuliko nilivyomwogopa Mungu. Nikasema, "Tuombe." Nikafumba macho, nikaomba kwa sauti, "Bwana, msamehe mtoto wetu Nyambura kwa uzembe wake."

Watu wote wakaitikia Amina. Yeye hakuitikia.

Jioni hiyo akafutwa kazi. Sokoni watu walinong'ona juu yake, na muuza vitunguu akamuuliza kama bado analala ofisini. Hakukaa sana. Akahamia Kikopey, akapata kazi ya kupokea malipo katika bucha moja ya nyama choma, kwenye moshi kutwa. Nami niliendelea kugawa meza ya Bwana kwa mikono hii!

Siku moja nilishika kikombe kitakatifu nikashindwa kukiinua. Nikakirudisha mezani, na wiki ileile nikawaita wanachama nikawaambia yote. Nikajiuzulu. Bibi mmoja aliyepoteza maziwa yake alitema mate chini, akatoka. Waliobaki wakakubaliana Nyambura arudishwe kazini, mbele ya watu wote. Nikaenda kumpelekea habari mwenyewe.

Alinikaribisha kwa mikono miwili, akaniagizia supu. Nikamwomba msamaha nikilia kama mtoto, wateja wakitutazama.

"Nimekusamehe, Baba," akasema. "Nashukuru umelisafisha jina langu. Lakini sirudi. Na nakuomba kitu kimoja tu. Usiniombee tena mbele za watu."

Nimemtii hadi leo. Namtaja kwa Mungu nikiwa peke yangu, bila sauti, na hata hapo naona haya.

Wazee wenzangu, mnaoheshimiwa na kuitwa Baba, msifanye nilivyofanya mimi! Kugusa usichokijua ni makosa, lakini makosa hayo yangesameheka siku ileile. Ukiharibu, nakusihi, sema umeharibu kabla hujafumba macho kuomba.