Vidonge Ndani ya Boksi la Skrubu

"Hivi vidonge ni vya nani?"

Fundi simu hakuinua macho. Mkewe, mshonaji, alikuwa akitafuta bisibisi ya kukazia cherehani ndani ya boksi lake la skrubu, akaibuka na kichupa.

"Vyangu."

"Unaumwa?"

"Ni vitamini C na E. Daktari anaziita antioksidanti. Eti zinalinda mbegu za kiume zisiharibike."

Mshonaji akavuta kigoda, akakaa.

"Tangu lini?"

"Miezi minne. Nilipimwa. Mbegu zangu ni chache, na nyingi hazina mwendo."

Miezi minne! Na kila Jumapili mama mkwe alikuwa akimsema yeye kwa kutozaa. Dawa chungu zote alikunywa yeye.

"Juzi mama yako kaniambia nifungashe, uoe mwingine. Ulikuwepo mezani."

"Nilisikia."

"Ukaomba chumvi."

Fundi akaiweka chini simu aliyokuwa akiitengeneza.

"Huyo daktari anasema ni nini?"

"Aliniuliza simu nabeba wapi. Nikamwonyesha mifuko ya suruali." Simu za wateja, nne au tano, kutwa zimewashwa mapajani mwake, ajue ipi inapoteza mtandao. "Akasema watafiti wengine wanaitilia shaka mionzi yake, wengine hawaoni kitu. Hana uhakika kama simu ndizo chanzo, wala kama vidonge vitasaidia. Ila nizitoe mifukoni, nimeze hivi, kisha turudie kipimo."

"Kwa hiyo ukanificha vidonge, ukaniachia matusi."

"Niliona aibu, mke wangu."

"Na mimi yangu uliiona?"

Simu ya fundi ikaita juu ya meza: MAMA. Mshonaji akajikaza kama kawaida yake, akanyoosha mkono. Safari hii mumewe akawahi, akaipokea kwa spika.

"Huyo mkeo ameshafungasha?"

"Mama, tatizo ni langu. Nimepimwa. Yeye hana kosa lolote. Nilijua, nikakuacha umtukane."

Fundi akatazama kioo kama simu imekatika.

"Yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe niongee... hapana. Mwambie nakuja. Haya si mambo ya kuombea radhi kwenye simu."

Ikakatwa. Mshonaji alifuta macho kwa kitambaa alichokuwa akikishona, kisha akasoma maandishi ya kichupa taratibu, mstari kwa mstari.

"Vinamezwa saa ngapi?"

"Baada ya kula."

"Basi njoo ule. Kipimo cha pili tunakwenda wote." Akainuka. "Na usinichekee. Bado nina hasira na wewe."