Picha Aliyoisaini Mume Wangu

Sinia la chaza lilinitoka mikononi... pwaaa!

Jamani, nilichokikuta kwenye chumba chetu cha kuchorea sitakisahau mpaka nazikwa!

Mume wangu Floris alikuwa anambusu Aleida shingoni. Aleida, mke wa Wolfert! Wolfert mwenye kiwanda cha bia, tajiri anayejulikana mji mzima wa Haarlem!

Na Wolfert huyohuyo ndiye aliyeagiza picha ya mkewe: amekaa anapiga kinanda, kioo ukutani juu yake, na mwanaume amesimama na glasi ya mvinyo, katupa mgongo.

"Hujui kubisha hodi?" Floris akafoka.

Aleida akacheka. "Kumbe huyu ndiye mkeo? Nilidhani mfanyakazi!"

"Kazi yake kuosha brashi tu."

Nikawasogelea.

"Nitamwambia Wolfert!"

"Kamwambie. Nitasema una kichaa cha wivu. Nani atakuamini wewe?"

Nyie... sasa niwape siri.

Floris hakujua kuchora. Alikuwa mwanafunzi wa marehemu baba yangu, na hata limau lilimshinda! Mchoraji ni mimi, Machteld. Nilichora, yeye akasaini. Chama cha wachoraji kikampigia makofi yeye. Nilimpenda, nikaona sawa tu.

Siku ile nikafagia chaza zangu. Jioni nikampikia samaki na vitunguu. Akala, akajilamba vidole.

Picha nikaimaliza. Akasaini kwa mbwembwe zake.

Asubuhi ya kuipeleka, alienda kwa kinyozi kusokotwa masharubu. Nikajifungia na picha. Nikachukua brashi nyembamba kuliko zote...

Aliporudi, nilishaifunika.

"Usifunue, kuna sehemu bado mbichi."

"Sawa, beba twende."

Kwa Wolfert kulijaa watu. Mvinyo, jibini, vicheko. Mpaka Mzee Govert, mkuu wa chama cha wachoraji, alikuwepo.

"Mabwana!" Floris akatamba. "Kila mtakachokiona ni mkono wangu. Mke wangu hajagusa hata kona!"

Wolfert akavuta kitambaa.

Watu wakasogea kutazama.

Halafu mtu mmoja nyuma akaangua kicheko.

Mle kwenye kioo cha ukutani, yule mwanaume aliyetupa mgongo alikuwa na uso. Uso wa Floris! Masharubu yamesokotwa, midomo iko shingoni kwa Aleida!

"Floris..." Wolfert akaonyesha kile kioo kwa kidole. "Huyu nani?"

"Ni... ni mtu tu!"

"Mtu mwenye masharubu yako? Umekuja kwangu kunionyesha unavyombusu mke wangu?!"

"Sijachora mimi! Naapa!"

"Si umesema sasa hivi ni mkono wako?"

Wolfert akamkaba kola. Floris akapiga kelele kama mtoto:

"Nilidanganya! Anayechora ni Machteld! Picha zote ni zake! Mimi hata kikombe siwezi kuchora!"

Mzee Govert akaweka glasi mezani taratibu.

"Zote?"

"Zote, mzee! Niokoe!"

Wolfert akanigeukia. "Mama, hiki ulichokichora umekibuni?"

"Nilikiona kwa macho yangu."

Aleida akaanza kulia. Wolfert hakuhitaji kuuliza tena.

Jamani, mimi nilienda pale kumuaibisha tu! Sikuwaza hata kidogo kwamba yule mwizi atanirudishia jina langu kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mkuu wa chama!

Floris akafukuzwa chamani, na nyumbani kwangu pia. Aleida akarudishwa kwa kaka zake mjini Leiden. Mimi nikaandikishwa na Mzee Govert, na kazi zangu nikaanza kuzisaini Machteld, herufi kubwakubwa.

Majuzi nasikia hodi. Mlango wangu una vipande viwili, nikafungua nusu ya juu tu. Floris! Masharubu yamelala kama nyasi zilizonyeshewa.

"Mke wangu... turudiane. Nina njaa."

"Pole."

"Nitakusagia hata rangi za kuchorea!"

Nikamtazama. Nilidhani nitamhurumia. Wapi!

"Rangi nasaga mwenyewe."

Nikafunga nusu ya juu. Ya chini wala sikuwa nimeifungua.

Dada yangu, usizike uwezo wako ili mwanaume aonekane mkubwa. Siku akikuchoka, atakucheka huku ameshiba jasho lako.