Waithira Wawili

Mkokoteni uliojaa kabichi ulimpita kijana mmoja ubavuni, akaruka kuukwepa, na mguu wake wa kulia ukatua katikati ya kikapu cha nyanya za watu. Sokoni Karatina siku ya soko hakuna anayetazama viatu vya mwenzake, ila vya huyu vilikuwa vyeusi vya kung'aa, na shati lake jeupe lilipigwa pasi hadi kola. Sumeya alikuwa ameketi dirishani mwa kibanda chake. Alicheka mpaka mtandio wake wa manjano ukamteleza mabegani.

Kijana alilipia nyanya zote, akaja dirishani na mfuko wake wa nyanya.

"Samahani, dada. Natafuta kibanda cha Sumeya, wakala wa sacco."

"Kibanda iko hapa."

"Kiko hapa."

"Si ndiyo nimesema? Iko hapa! Ati unanirudisha darasani?"

Aliitwa Jamal. Alikuwa ametoka Mombasa mwezi huo kuanza kazi katika ofisi ya sacco, chama cha akiba na mikopo, Nyeri mjini. Kila jioni alipitia orodha ya pesa ambazo mawakala wamewalipa wanachama. Siku hiyo alikuja kuleta karatasi za risiti. Alipokuja mara ya pili alileta karatasi tena, ingawa za kwanza hazijaisha. Mara ya tatu alikuja mikono mitupu, na Sumeya hakumuuliza kwa nini.

Wakaanza kupigiana simu.

"Umekula nini, mrembo?"

"Githeri."

"Mahindi na maharagwe tena? Nikuoe nikupikie wali wa nazi."

"Na nazi utatoa wapi huku?"

"Kumbe shida ni nazi tu! Kuolewa hukukataa."

Sumeya alicheka peke yake barabarani, watu wakamgeukia. Mwisho wa kila simu Jamal alisema, "Lala salama. Hesabu yako ya leo nimekuwekea sawa." Sumeya alidhani ni maneno ya mapenzi tu.

Miezi miwili ilipita hivyo, kisha Sumeya akapata barua ya sacco. Katika pesa ambazo sacco ilimkabidhi awalipe wanachama, shilingi elfu arobaini na nane hazikuonekana. Azilipe kwa siku saba, la sivyo kibanda kifungwe. Kibanda hicho Sumeya alikuwa amekinunua baada ya miaka sita ya kuuza sambusa asubuhi na mapema. Alifungua daftari lake, ambamo aliandika kila malipo kwa mkono, akalipitia mara tatu. Hesabu haikupungua hata shilingi. Kufikia saa sita mchana, wauza karoti walikuwa wanateremsha sauti kila alipopita.

Akampigia Jamal.

"Wewe huona kazi yangu kila jioni. Mimi ni mwizi?"

Jamal akateremsha sauti kama wauza karoti.

"Mpenzi, labda ulikosea mahali. Lipa polepole, na mimi nitachangia."

"Utachangia nini? Kama sikuchukua, unanichangia nini?"

"Nataka kukusaidia tu."

"Unamsaidia mwizi kulipa. Tafuta huyo mwizi, umsaidie!"

Akakata. Siku nne simu ililia, akaiacha ilie.

Siku ya tano ilikuwa siku ya soko. Jamal alitokea akiwa amevaa gambuti mpya, akasimama mbele ya dirisha.

"Sikuja kwa kazi. Nimekuja kwako."

"Panga foleni kama watu."

Akapanga. Mbele yake walisimama wanawake wawili wenye matope ya viazi mikononi, mmoja na kitambaa cha kijani kichwani, mwingine na sweta nyekundu. Sumeya akainua kichwa.

"Waithira!"

"Naam!" wakaitika wote wawili.

Jamal akawatazama. "Nani kati yenu ndiye Waithira?"

"Sisi wote," alisema wa kitambaa. "Waithira Theuri."

"Wote Theuri?"

"Baba zetu ni ndugu. Kila mmoja alipata msichana, akampa jina la mama yao. Theuri ni babu. Kwani huko kwenu watoto hawaitwi jina la bibi yao?"

"Huitwa," alisema Jamal, sauti imepungua. "Na leo mnatoa pesa ngapi, mama zangu?"

"Elfu mbili kila mtu. Lori ya viazi tunalipa nusu nusu, kila siku ya soko, mara tatu kwa wiki."

Jamal akashika ukingo wa dirisha.

"Sumeya, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Orodha yangu inaonyesha jina na pesa tu. Kila siku ya soko naona jina moja mara mbili, pesa ileile. Nilidhani umebonyeza mara mbili. Nikawa nafuta moja kabla mkubwa hajaona, asikugombeze." Akahesabu kwa vidole. "Siku ishirini na nne. Elfu mbili, elfu mbili."

"Ulifuta bila kuniuliza?"

"Kwa mapenzi."

"Kwa mapenzi umenifanya mwizi!"

Waithira wa sweta akakohoa. "Ndiyo maana mimi nikitoa pesa, akiba yangu haipungui. Nilisema ni Mungu, nikanyamaza."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Sumeya alijaribu kukaza uso, ukamshinda, kisha akaukaza tena.

"Mnacheka, lakini hiyo barua iko na jina langu."

"Basi nipe karatasi niandike yenye jina langu," alisema Jamal. Akaketi juu ya gunia la viazi, akaandika yote aliyofanya, akatia sahihi: Jamal Othmani.

"Watakufuta kazi."

"Huenda. Mimi watanifuta mara moja. Wewe nimekufuta mara ishirini na nne."

"Na huogopi?"

"Naogopa. Tazama hapa kalamu ilivyotetemeka."

Sumeya aliitazama ile herufi iliyopinda. Usiku huo simu ilipolia, alipokea.

Wiki iliyofuata sacco ilimwandikia Sumeya kumwomba radhi. Jamal hakufutwa. Aliondolewa kwenye kazi ya orodha, akapelekwa stoo ya karatasi, na barua ya Sumeya akaomba aipeleke mwenyewe. Sumeya aliisoma dirishani, akaibandika ukutani mahali ambapo wauza karoti wote wangeiona.

"Sumeya," alisema Jamal, "moyo yangu iko hapa."

"Uko," akamrekebisha kabla hajafikiri. "Si mnasema hivyo kwenu? Moyo wangu uko hapa."

"Rudia?"

"Moyo wangu uko..." Akaufunika mdomo kwa mtandio. Nyuma, Waithira wawili walikuwa tayari wanapiga vigelegele.

"Umesema mwenyewe, mbele ya mashahidi. Nije lini kwa baba?"

"Jumapili. Na ulete kuku mbili."

"Wawili."

"Mbili," alisema Sumeya, akicheka. "Na usifute moja."