Vidonge vya Kambo

Kila jioni ya Ramadhani Asia alikuwa na kazi yake. Akitoka shule na kuvua sare, alimpelekea nyanya yake kikombe cha maji na kopo la vidonge, kisha wakasubiri adhana pamoja. Nyanya huyo, ambaye wote nyumbani walimwita Kambo, alikuwa amebeba magunia ya samaki wakavu sokoni Manika tangu ujana wake, na sasa magoti yalikuwa yamesagika. Tata Banza, muuguzi wa dispansari ya Dilala, alimpa aspirini: kidonge asubuhi, mchana na jioni, kila mara baada ya kula.

Lakini mwenye kufunga hamezi kitu mchana. Basi Kambo alijipangia utaratibu wake: adhana ikilia tu, kabla hata ya kuonja uji, alimeza vidonge vya siku nzima kwa mpigo.

"Kambo, Tata Banza alisema ukule kwanza," Asia alimkumbusha.

"Nyamaza, mwana. Magoti inapaswa kutulia mbele ya sala. Bamama bote banasali bakisimama, mi peke yangu nikae pa kiti? Usiambie mama yako. Atanikataza kufunga."

Asia akaahidi. Alimpenda mno Kambo, na hakuwahi kumvunjia neno.

Mwezi ulipofika katikati, Kambo alianza kushikashika tumbo. Asubuhi moja Asia alimsaidia kwenda chooni, akaona choo chake ni cheusi tititi kama lami.

"Ni sombe ya jana tu," Kambo alisema, akimaanisha majani ya muhogo waliyokula.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Asia alifagia mfereji na wenzake, lakini mawazo yote yalikuwa nyumbani. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia.

Jioni Kambo aliinuka kutawadha, akayumba, akaanguka mlangoni. Jasho lilimtiririka na mikono yake ilikuwa ya baridi. Mama yake Asia alimkimbilia, akamwegemeza ukutani.

"Ni njaa na magoti. Asia, leta vidonge! Tumupe mbili, maumivu ipungue."

Asia alilishika kopo, akasimama palepale. Kambo alimkazia macho, macho ya kumkumbusha ahadi. Mama akanyoosha mkono. Asia alijua kwamba akisema, huenda Kambo asimsamehe kamwe. Akinyamaza, huenda akampoteza kabisa. Akalificha kopo mgongoni.

"Hapana, Mama! Vidonge njo binamuumiza! Anakunywaka yote mara moja, na njaa. Na choo yake iko nyeusi!"

Kambo akafumba macho. Mama hakugomba, alitoka mbio kumwita Kasimu, jirani yao mwenye kamioneti, gari dogo la mizigo.

Dispansarini Tata Banza alimvuta Kambo ukope, akauona mweupe kwa ndani. "Tumbo inatoka damu ndani. Hospitali, mara moja!"

Huko aliongezewa damu. Nyumbani uji ulipoa na hakuna aliyeugusa.

Kambo alipona. Aliporudi, Tata Banza alikuja kumwona, akamwachia dawa nyingine isiyochubua tumbo, akamfundisha Mama kumkanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto.

"Aspirini inasaidia goti," alisema, "lakini pa tumbo tupu inachoma. Usilundike dawa. Na choo ikikuwa nyeusi, usingoje kesho."

Asia alikuwa amejibanza nyuma ya mlango.

"Kuya hapa," Kambo alimwita. "Unaniogopa?"

"Nilivunja ahadi, Kambo."

"Mi njo nilikosa, nilikufunga kinywa. Sikia, mwana: mukubwa akikuambia ufiche kitu yenye inamuumiza, usifiche, hata akikasirika. Niliona haya ya kiti, kidogo nife."

Siku ya Idi, wanawake walipopanga safu, Asia alipita katikati yao na kiti kichwani. Kambo akakikalia mbele ya macho yao wote. Sala ilipokwisha, mama mmoja aliyekuwa akijishika magoti alimvuta Asia pembeni.

"Mwana," alinong'ona, "kwenu kunabaki kiti ingine?"